Kati ya Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kufumbua Mafumbo ya Hisabati, Uwezekano na Sampuli

Mwanafunzi anayekosa fumbo la hisabati mara nyingi kuzidisha na kugawanya anajua. Mwambie agawanye 3,000 kwa 12,000, atakupa robo bila kusita. Lakini mpe swali la muuzaji aliyenunua kitu kwa sh. 12,000 akakiuza kwa sh. 15,000, umuulize faida ni sehemu gani ya bei ya kununulia. Kinachomshinda ni kutambua kwamba asili ya sehemu hiyo, yaani namba ya chini, ni 12,000 na si 15,000. Namba zote mbili zimo kwenye swali, zote zinavutia, na mojawapo ni mtego.

Ndiyo maana mwongozo huu unazunguka swali moja, ambalo unapaswa kulijibu kwa maandishi kabla ya kugusa kikokotoo: kati ya ngapi? Asilimia hii ni ya kiasi gani? Wastani huu ni wa watu wangapi? Uwezekano huu ni kati ya matokeo mangapi? Sampuli hii imetoka kwenye kundi lipi? Ukilijibu vizuri, kazi iliyobaki ni ya mikono tu.

Kabla ya kukokotoa

1. Soma fumbo lote mara moja, kalamu ikiwa chini.
2. Lisome tena ukianzia mstari wa mwisho, maana kinachoulizwa huwa kimekaa huko. Kiandike pamoja na kipimo chake: "Natafuta bei, kwa shilingi" au "Natafuta muda, kwa saa."
3. Orodhesha ulichopewa, kisha weka vipimo sawa. Gramu na kilo, dakika na saa, sentimita na mita havijumlishwi vikiwa mchanganyiko.
4. Kadiria jibu kichwani. Ukipata kwamba basi lilikwenda kilomita 900 kwa saa, ujue kuna mahali umeteleza.
5. Kokotoa ukionesha njia, kisha rudisha jibu ndani ya swali uone kama linakubali.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua hili: baba ana umri mara tatu ya mwanawe, na baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili yake. Umri wa mtoto uite x. Sasa hivi baba ana 3x. Baada ya miaka 12 tunapata 3x + 12 = 2(x + 12), yaani 3x + 12 = 2x + 24, hivyo x = 12. Rudisha: mtoto 12, baba 36, miaka 12 ikipita mtoto 24, baba 48. Limekubali. Kosa la kawaida hapa ni kumwongezea baba miaka 12 na kumsahau mtoto, na kurudisha jibu kungelifichua papo hapo.

Neno moja kuhusu MAGAZIJUTO. Kifupi hicho (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kimetusaidia wengi, lakini herufi zake za mwisho zinapotosha. Ukikutana na 20 − 5 + 3 halafu ukaanza kujumlisha kwa sababu JU imetangulia TO, utapata 12. Jibu sahihi ni 18. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa: unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kinachotangulia ndicho kinachofanywa kwanza. Kuzidisha na kugawanya vivyo hivyo.

Asilimia: faida, punguzo na VAT

Muuzaji amenunua doti ya khanga kwa sh. 12,000 akaiuza kwa sh. 15,000. Faida ni sh. 3,000. Asilimia ya faida je? Kati ya ngapi: kati ya pesa alizotoa mfukoni, yaani bei ya kununulia. 3,000 ÷ 12,000 × 100 = asilimia 25. Aliyegawanya kwa 15,000 amepata 20, na kwa bahati mbaya kwenye maswali ya kuchagua utaikuta 20 imeandikwa hapo ikikusubiri. Mtunzi wa mtihani anajua wapi watu huteleza.

Asili inaweza pia kubadilika katikati ya swali. Viatu vya sh. 50,000 vimepandishwa bei kwa asilimia 20, kisha vikapunguzwa kwa asilimia 20. Je, vimerudi palepale? Havijarudi. Asilimia 20 ya kwanza ni ya 50,000, kwa hiyo bei inafika 60,000. Asilimia 20 ya pili ni ya 60,000, yaani 12,000, na bei inashuka hadi 48,000. Njia fupi ni kuzidisha: 50,000 × 1.2 × 0.8 = 48,000. Jizoeze njia hii ya kuzidisha, kwa sababu inakuondolea mtego wa kujumlisha asilimia ambazo asili zake ni tofauti.

VAT ndiyo inayoangusha hata watu wazima wenye maduka. Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Risiti ya jumla ya sh. 11,800, VAT ikiwa ndani, ina kodi kiasi gani? Wengi hukimbilia 18% ya 11,800 na kupata 2,124. Lakini ile 18% ni ya bei kabla ya kodi. Hiyo 11,800 ni asilimia 118 ya bei halisi. Basi bei halisi ni 11,800 ÷ 1.18 = 10,000, na VAT ni 1,800. Kenya, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 16, utagawanya kwa 1.16. Kanuni ni ileile kwa kila swali la "bei kabla ya": gawanya, usitoe asilimia.

Uwiano

Fundi anachanganya zege kwa uwiano wa 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Ana ndoo 35 za vitu vikavu kwa jumla. Kosa la kawaida ni kusema mchanga ni 2/4 ya vyote. Kati ya ngapi? Jumla ya mafungu ni 1 + 2 + 4 = 7. Fungu moja ni 35 ÷ 7 = ndoo 5. Saruji 5, mchanga 10, kokoto 20. Ukijumlisha unarudi 35. (Kwenye eneo la ujenzi hutapata ndoo 35 za zege, kwa kuwa mchanga huingia katikati ya kokoto, lakini mtihani haukuulizi hilo.)

Kuna pia uwiano kinyume. Mafundi 6 wanamaliza ukuta kwa siku 10. Mafundi 4 watamaliza kwa siku ngapi? Kabla ya yote jiulize: wakipungua, siku zitaongezeka au zitapungua? Zitaongezeka. Kazi nzima ni 6 × 10 = siku-fundi 60. 60 ÷ 4 = siku 15. Kama ulipata siku 6 na ushee, umeutumia uwiano wa moja kwa moja mahali pasipo pake.

Saa, mwendo na wastani

Basi limeondoka saa 11:45 alfajiri na kufika saa 3:20 asubuhi. Ukitoa 3:20 kwenye 11:45 unapata saa 8 na dakika 25, jibu ambalo halina maana yoyote. Saa yetu huanza upya ikifika 12, kwa hiyo vuka pale kwa hatua mbili: kutoka 11:45 hadi 12:00 ni dakika 15, na kutoka 12:00 hadi 3:20 ni saa 3 na dakika 20. Jumla saa 3 na dakika 35. Ukipenda, geuza kwanza kwenye mfumo wa saa 24 (05:45 hadi 09:20) kisha toa, ukikumbuka kwamba ukikopa saa moja unakopa dakika 60, si 100.

Sasa mwendo. Gari limekwenda kilomita 120 kwa mwendokasi wa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Mwendokasi wa wastani si 50. Kwenda limetumia saa 2, kurudi saa 3. Kilomita zote 240 ÷ saa zote 5 = kilomita 48 kwa saa. Gari lilikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, ndiyo maana wastani unavutwa chini.

Kosa hilohilo hujitokeza kwenye alama. Mkondo A una wanafunzi 40 wenye wastani wa 70, mkondo B una wanafunzi 20 wenye wastani wa 55. Wastani wa kidato kizima? Usichukue 70 na 55 ukagawanya kwa mbili. Rudi kwenye jumla za alama: 40 × 70 = 2,800 na 20 × 55 = 1,100. Zote ni 3,900 kwa wanafunzi 60, yaani 65. Wastani wowote ukikushinda, ugeuze uwe jumla kwanza. Mwanafunzi mwenye wastani wa 62 katika majaribio 5 anayetaka wastani wa 65 baada ya jaribio la 6 anahitaji jumla ya 6 × 65 = 390; anazo 310; anahitaji 80.

Uwezekano

Uwezekano ni namba kati ya 0 na 1. Sifuri ni jambo lisiloweza kutokea, moja ni jambo la hakika. Unapatikana kwa kugawanya idadi ya matokeo unayoyataka kwa idadi ya matokeo yote, *mradi matokeo hayo yote yana nafasi sawa ya kutokea*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo watu husahau, na mada hii inasimama au kuanguka juu yake.

Rusha sarafu mara mbili. Kuna uwezekano gani wa kupata kichwa angalau mara moja? Mwaka 1754 d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika kwamba ni 2/3. Hoja yake: kichwa kikitokea mara ya kwanza mchezo umekwisha, au ni mwenge kisha kichwa, au ni mwenge kisha mwenge. Matokeo matatu, mawili mazuri. Lakini matokeo hayo hayana nafasi sawa, kwa kuwa lile la kwanza peke yake lina nusu nzima. Orodhesha kwa uaminifu, K kwa kichwa na M kwa mwenge: KK, KM, MK, MM. Manne yenye nafasi sawa, matatu yana kichwa. Jibu ni 3/4. Kama d'Alembert aliteleza hapo, usione aibu kuandika orodha nzima kwenye karatasi.

Dadu mbili ni vilevile. Jumla zinazowezekana ni kuanzia 2 hadi 12, ziko 11, na kuna anayesema uwezekano wa kupata 7 ni 1/11. Matokeo yenye nafasi sawa ni 6 × 6 = 36. Saba inapatikana kwa njia sita (1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, na kinyume chake), hivyo 6/36 = 1/6. Mbili inapatikana kwa njia moja tu, 1/36.

Swali la mfuko. Mfuko una vifuniko vya soda 10: vyekundu 6 na vya bluu 4. Unatoa viwili bila kuangalia. Uliza kwanza: cha kwanza kinarudishwa au hakirudishwi?

- Kikirudishwa, uwezekano wa vyote kuwa vyekundu ni 6/10 × 6/10 = 9/25.
- Kisiporudishwa, asili na kiasi (namba ya chini na ya juu) vyote vinapungua: 6/10 × 5/9 = 30/90 = 1/3.

Neno "na" huzidisha. Neno "au" hujumlisha, ila tu pale matukio yasipoweza kutokea kwa pamoja. Uwezekano wa kupata kimoja chekundu na kimoja cha bluu, bila kurudisha, ni (chekundu kisha bluu) au (bluu kisha chekundu): 6/10 × 4/9 + 4/10 × 6/9 = 48/90 = 8/15. Wanaoandika 24/90 wamesahau kwamba kuna mpangilio wa pili.

Ukiona "angalau kimoja", usihangaike kujumlisha. Tafuta kinyume chake, yaani "hakuna hata kimoja", kisha kitoe kwenye 1. Angalau kimoja chekundu: 1 − (4/10 × 3/9) = 1 − 2/15 = 13/15. Hakiki: vyote vyekundu 5/15, mchanganyiko 8/15, vyote bluu 2/15. Jumla 15/15. Uwezekano wa matokeo yote ukijumlishwa usipofika 1, kuna kitu umekisahau.

Kwa kuwa vijana wengi siku hizi hukutana na uwezekano kwenye kubeti kabla ya kukutana nao darasani, tuifanye hesabu ya mkeka, yaani tiketi ya mechi kadhaa ambazo zote lazima ziende ulivyotabiri. Tuseme una mechi 5, kila moja ina uwezekano wa 0.6 kwenda unavyotaka, na hakuna inayoathiri nyingine. Kila moja peke yake inaonekana nzuri. Zote tano kwa pamoja: 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6 = 0.07776, chini kidogo ya asilimia 8. Yaani mikeka zaidi ya 90 katika kila 100 ya namna hiyo inachanika. Na usidanganywe na "nimekosa mara nne, ya tano lazima iingie": sarafu iliyotoa mwenge mara nne mfululizo bado ina nusu ya kutoa kichwa. Haikumbuki kitu.

Sampuli

Kuna wakati kuhesabu wote kunawezekana. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Lakini mnunuzi wa mahindi hawezi kumwaga kila gunia sokoni. Anachoma bambo ndani ya gunia, anatoa punje chache, anazitazama. Mnunuzi mjanja huchoma juu, ubavuni na chini, kwa sababu anajua mahindi mazuri hupangwa juu. Hiyo ndiyo mada nzima: kila punje iwe na nafasi ya kuangukia kwenye bambo.

Chukua shule ya wanafunzi 800. Unataka kujua wangapi hutembea zaidi ya saa nzima kufika shuleni, na una muda wa kuwauliza 40 tu. Njia tatu zinafaa.

Ya kwanza ni sampuli nasibu: majina 800 kwenye vikaratasi, changanya, toa 40. Ya pili ni kwa hatua sawa: 800 ÷ 40 = 20, basi chagua kwa bahati namba moja kati ya 1 na 20, tuseme 7, kisha kwenye daftari la mahudhurio mchukue wa 7, wa 27, wa 47 na kuendelea. Ya tatu ni kwa matabaka, na ndiyo ninayoipendekeza pale makundi yanapotofautiana. Kama Kidato cha Kwanza kina wanafunzi 300, cha Pili 240, cha Tatu 160 na cha Nne 100, chukua moja ya ishirini ya kila kidato: 15, 12, 8 na 5. Jumla 40. Ndani ya kila kidato bado uchague kwa nasibu.

Njia isiyofaa ndiyo rahisi: kusimama getini saa 1 asubuhi na kuwauliza 40 wa kwanza kufika. Wanaotoka mbali ndio wanaochelewa. Umewaacha nje watu uliokuwa unawatafuta.

Ukubwa wa sampuli hauponyi kosa hilo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kura za maoni takribani milioni 10 na kupata majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yamechukuliwa kwa wingi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na walioamua kurudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo zaidi iliyochaguliwa kwa uangalifu, alimtaja mshindi sahihi.

Sampuli ikishakuwa nzuri, inaweza kukosea kwa kiasi gani? Kwa maswali ya ndiyo au hapana, makadirio ya haraka ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 100: 1/10, yaani asilimia 10 juu au chini. Watu 400: asilimia 5. Watu 1,600: asilimia 2.5. Ukitaka kosa lipungue nusu, sampuli iongezeke mara nne. Kadirio hili hushika takribani mara 95 kati ya 100.

Rudi kwa wanafunzi wetu 40. Tuseme 26 wamesema wanatembea zaidi ya saa moja: 26/40 = asilimia 65. Ukipeleka kwenye shule nzima: 0.65 × 800 = wanafunzi 520. Lakini kosa ni 1 ÷ √40, karibu asilimia 16. Ukweli unaweza kuwa popote kati ya 49 na 81. Kwa hiyo kwenye ripoti hata neno "wengi", yaani zaidi ya nusu, huna haki nalo kikamilifu. Ongeza sampuli, au sema wazi ukomo wake.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni kukadiria samaki bwawani bila kulikausha. Vua sato 50, waweke alama, warudishe. Baada ya siku kadhaa, wakishachanganyika, vua tena 40. Ukikuta 8 wana alama, basi 8 kati ya 40 ni sawa na 50 kati ya wote: 8/40 = 50/N, na N = 250. Mtaalamu wa samaki wa Denmark, C. G. Johannes Petersen, ni miongoni mwa waliotangulia kuweka samaki alama, miaka ya 1890. Hesabu inashika ikiwa alama hazikudondoka, hakuna walioongezwa au kuvuliwa katikati, na hukuvua mara zote mbili kwenye kona ileile unapowarushia chakula.

Jipime

*Simu inauzwa sh. 240,000 baada ya punguzo la asilimia 20. Bei ya awali?* 240,000 ni asilimia 80 ya bei ya awali. 240,000 ÷ 0.8 = sh. 300,000. Aliyeongeza asilimia 20 juu ya 240,000 amepata 288,000 na amekosa.

*Dadu imerushwa mara 4. Uwezekano wa kupata sita angalau mara moja?* Kinyume chake ni kukosa mara zote: 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6 = 625/1,296. Toa kwenye 1: 671/1,296, karibu 0.52. Si 4/6, kama inavyoonekana kwa haraka.

*Shehena ya trei 200 za mayai, kila trei mayai 30. Mkaguzi amechukua mayai 150 kwa nasibu na kukuta 6 yamepasuka. Kadiria yaliyopasuka kwenye shehena nzima.* Mayai yote ni 6,000. 6/150 ni asilimia 4, na asilimia 4 ya 6,000 ni 240. Ukiambiwa baadaye kwamba yote 150 yalitoka trei za juu, ifute hiyo 240: mayai ya chini ndiyo yaliyobeba uzito njia nzima, na hayakuwa na nafasi ya kuchaguliwa.